Dubu mweusi na watoto wake pangoni: kinachofanyika Januari hadi Aprili (uzi mrefu)

#1 Nesi wa Kaskazini

Wakuu, habari zenu.

Kwenye uzi wa wanyama wanaolala majira ya baridi kuna mchangiaji alisema dubu jike anazaa akiwa usingizini, halafu mwezi wa nne anashtukia ana watoto. Watu wengi waliipokea hivyo hivyo. Mimi ilinikaa rohoni, maana inamnyang'anya yule mama kazi yake yote. Nimeona nifungue uzi wa peke yake.

Mimi ni nesi. Nilianzia kazi wodi ya watoto njiti nyumbani Tanzania, sasa naishi Minnesota, Marekani, ambako dubu weusi wako kwa maelfu msituni. Nitamzungumzia huyo tu, dubu mweusi wa Amerika, kwa sababu mapango yake yamechunguzwa kwa karibu na kwa miaka mingi.

Nianze na ukubwa. Mtoto wa dubu mweusi akizaliwa ana gramu 300 hivi, wengine wanafika 400. Mama yake ana kilo 80, hata zaidi ya 100. Macho ya mtoto yamefumba, masikio yameziba, mwilini ana vinyweleo vifupi visivyozuia baridi yoyote, na miguu ya nyuma haina nguvu. Anazaliwa Januari, wakati nje ni nyuzi 20 au hata 30 chini ya sifuri. Mtu wa wodini akimwona atasema huyu ni njiti, na hatakuwa amekosea sana. Sisi hospitali tuna mashine za joto, na pasipo mashine mtoto anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ile huduma ya kangaroo ambayo kina mama wengi humu wanaifahamu. Dubu jike anafanya hiyo hiyo kwa miezi mitatu, gizani, hali wala hanywi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pango ni sehemu ya pili ya mimba. Ya kwanza ilikuwa tumboni, na ilikuwa fupi mno. Mtoto anamaliziwa nje, na anayemmalizia ni mama aliye macho, anayesikia kila mlio.

Nitaendelea kwa vipande. Ulizeni maswali, nitajibu.

#2 Mzee wa Shamba

Nipo siti ya mbele dada. Swali la mfugaji: kama baridi ni kali kiasi hicho, kwa nini asizae mwezi wa nne majani yakianza kuchipua? Mimi mbuzi wangu nawapangia wazae malisho yakiwepo.

#3 Nesi wa Kaskazini

Mzee wangu, shikamoo. Jibu liko kwenye mwili wa mama kuliko kwenye hali ya hewa.

Dubu weusi wanapandana kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai. Yai likisharutubishwa linagawanyika kidogo, linakuwa kijipira cha seli, halafu linasimama hapo. Halijishikizi kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Linaelea humo miezi yote ambayo mama anahangaika kunenepa: matunda ya msituni, karanga za mwituni, mbegu za mialoni, sisimizi na mayai yao. Linakuja kujishika Novemba ikielekea mwisho, mama akiwa ameshaingia pangoni. Kuanzia siku hiyo mimba inayokua kweli ni ya miezi miwili tu. Na kama chakula kilikosekana, mama akaingia mwembamba, yai halijishiki kabisa. Mwaka huo hazai.

Sasa kwa nini miwili tu? Mama yuko kwenye mfungo, anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Mtoto wa tumboni anajengwa kwa sukari na protini zinazopita kwenye kondo la nyuma. Mafuta hayapiti pale kwa urahisi. Akimbeba miezi minne itambidi ale misuli yake mwenyewe ili kumlisha. Akimzaa mapema anampa mafuta yale yale kwa njia ya maziwa. Na maziwa yake ni mazito: mafuta asilimia 20 na zaidi, wakati ya ng'ombe na ya binadamu ni kama asilimia 4. Hilo ndilo elezo ambalo watafiti wengi wanaliegemea, na mimi kwa nilichokiona kazini linaniingia akilini moja kwa moja. Njiti mwenye maziwa ya kutosha na joto la kutosha anapona.

#4 Mtoto wa Pwani

Uzi mtamu huu. Ila dada, pango lenyewe si linakuwa na joto? Nilidhani ndiyo maana wanaingia humo.

#5 Nesi wa Kaskazini

Mtoto wa Pwani, hapa wengi wanateleza. Pango la dubu mweusi mara nyingi ni shimo chini ya mizizi ya mti ulioanguka, au ufa wa mwamba, au tundu la mti mzee. Wengine wanalala juu ya ardhi tu kwenye kitanda cha nyasi, na theluji inawafunika. Mdomo wa pango uko wazi. Upepo hauingii sana, lakini joto la humo si kubwa. Kitanda anakitandika mwenyewe: anakokota majani makavu, nyasi na maganda ya miti kwa makucha, anarundika.

Joto linatoka kwake yeye. Anajikunja, kichwa kinainamia kifuani, watoto wanabaki katikati ya mikono, tumbo na shingo. Halafu anawapumulia. Pumzi yake ya joto inawashukia moja kwa moja. Manyoya ya tumboni na kifuani ni mepesi, na huko ndiko ziliko chuchu: nne kifuani, mbili chini karibu na mapaja. Mtoto akizaliwa ana makucha tayari. Miguu ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo anajivuta kwa makucha akifuata joto mpaka anaifikia chuchu. Haoni wala hasikii sawasawa, lakini anafika.

Sasa suala la usingizi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa dubu weusi kule Alaska waliowekewa vipimo mwilini majira yote ya baridi. Mapigo ya moyo yalishuka kutoka 55 kwa dakika hadi 14 hivi, na mwili ukawa unatumia robo tu ya nguvu unayotumia majira ya joto. Joto la mwili lilikuwa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 30 na 36. Ila mmoja wao alikuwa na mimba, na yeye alilishika joto lake la kawaida kwa muda wote wa mimba. Mwili wake ulikataa kupoa wakati mtoto anajengwa. Nikisoma vile nilinyamaza kwanza. Kuna kitu mwilini mwa mama kinachojua.

Na watoto wenyewe hawalali huo usingizi. Wao ni kunyonya, kusinzia kama mtoto yeyote, kulia na kukua.

#6 Mama Kibibi

Dada nesi hongera kwa kutuelimisha. Nina swali la uzazi. Anajifungua vipi peke yake humo? Na nani ameona?

#7 Nesi wa Kaskazini

Mama Kibibi, ahsante. Watu wengi wameona, na ndiko nilikokuwa naelekea.

Karibu na mji wa Ely, kaskazini mwa Minnesota, mtafiti Lynn Rogers na wenzake walikuwa wamezoeana na dubu kadhaa waliovaa kola za redio, yaani mikanda ya shingoni ya kuwafuatilia walipo. Mmoja anaitwa Lily. Alikuwa na miaka mitatu, hajawahi kuzaa. Waliweka kamera pangoni mwake na picha zikawa zinakwenda moja kwa moja kwenye intaneti. Tarehe 21 Januari 2010 uchungu ukaanza, na tarehe 22 akajifungua. Maelfu ya watu walikuwa wanatazama toka nchi mbalimbali.

Mimi nilizitazama zile picha baadaye, na niliziangalia kwa macho ya kazi. Huyo mama hakuwa usingizini hata kidogo. Alikuwa anageuka, anainuka, anakaa, anajipanga upya. Mtoto alipotoka, kilichotangulia ni sauti yake, kilio chembamba kikali, na Lily papo hapo akawa anamlamba na kumvuta kwake. Mtoto aliitwa Hope. Yule mama hakuwa amewahi kuona dubu mwingine akizaa. Hakuna mkunga, hakuna shangazi. Alijua pa kumweka.

Ndiyo maana ile habari ya kuzaa usingizini inanikera. Asiyekula si lazima awe amelala. Anapunguza matumizi ya mwili, anasinzia sana, lakini mtoto akilia anaamka. Akibanwa, mama anajisogeza. Akitoka kwenye joto, mama anamrudisha kwa mdomo au kwa mkono.

#8 Kijana wa Lubumbashi

Bonzuru wote. Umesema kulia. Wanalia namna moja au wana lugha?

#9 Nesi wa Kaskazini

Hapo umenigusa penyewe ndugu yangu. Kwangu mimi hii ndiyo roho ya uzi wote.

Kuna sauti kuu mbili za wiki za mwanzo. Ya kwanza ni kilio, kikali, cha kupasua sikio, na maana yake ni baridi, au nimebanwa, au sijapata chuchu. Ya pili inakuja akishashika chuchu na kupata joto: mvumo mzito wa haraka, unaokatikakatika na kuendelea, tena unasikika hata na mtu aliyesimama nje ya pango. Watafiti wanasimama theluji imewafika magotini, wanatega sikio kwenye mdomo wa pango, na kwa mvumo huo wanajua watoto wapo, wako hai na wananyonya. Wakiwa watatu wanavuma kwa pamoja.

Mama naye ana sauti yake ya chini, mguno laini anaoutoa akiwa na watoto. Hatoi mguno huo kwa dubu wengine hivi hivi. Huo ndio atakaowaitia baadaye msituni.

Fikirieni sasa. Macho ya mtoto yanafumbuka akiwa na wiki sita hivi. Kwa hiyo mwezi mzima na zaidi hawa wawili wamejuana bila mtoto kumwona mama. Wamejuana kwa joto, harufu, ulimi, na sauti masikio yakishafunguka. Mapenzi yao yamejengwa kabla ya kuonana.

#10 Mzee wa Shamba

Mashallah. Sasa lile la usafi. Miezi mitatu, watoto watatu, shimo moja. Uchafu unakwenda wapi?

#11 Nesi wa Kaskazini

Mzee, mfugaji lazima aulize hilo! Watoto wadogo hawawezi kujisaidia wenyewe. Mama anawalamba sehemu za chini, ulimi ndio unaowaamsha wakojoe na kutoa choo, na yeye anakimeza. Kwa hiyo pango linabaki safi na harufu haitoki nje kuwaita wanyama wala nyama. Faida nyingine ni kwamba maji aliyoyatoa kwenye maziwa yanamrudia, na yeye hanywi kitu.

Yeye mwenyewe haendi haja kwa miezi yote hiyo. Sumu ya mkojo, yurea, mwili wake unaivunja na kuitumia tena kutengeneza protini. Ndiyo maana anatoka Aprili amepungua mafuta lakini misuli bado anayo. Binadamu akilala kitandani muda huo bila kula tunajua anafikia wapi.

Lakini gharama ipo. Mama anayenyonyesha anaweza kupoteza theluthi moja ya uzito wake, wengine zaidi.

#12 Mtoto wa Pwani

Baba yuko wapi muda wote huu?

#13 Nesi wa Kaskazini

Amelala pango lake, kwingine kabisa. Dume la dubu halilei. Na watoto wa uzao mmoja wanaweza hata kuwa na baba tofauti, kwa sababu jike anaweza kupandwa na zaidi ya dume mmoja msimu huo huo.

Niendelee na kukua. Wiki ya sita macho yanafumbuka, na rangi yake ni buluu. Inabadilika kuwa kahawia baadaye. Manyoya yameshakuwa mazito. Februari inaisha wanatambaa juu ya mama, wanateleza, wanapanda tena. Machi pango linakuwa na fujo: wanang'atana masikio, wanapigana mieleka, wanavuta manyoya ya mama, na yeye anawavumilia, wakati mwingine anacheza nao kwa mkono mmoja huku amelala chali. Hiyo mieleka ndiyo inayoimarisha miguu ya nyuma. Aprili wanatoka, kila mmoja ana kilo 2 hadi 4. Kutoka gramu 300, kwa maziwa ya mama ambaye hajala tangu Oktoba au Novemba.

Hawaondoki siku hiyo. Wanakaa karibu na pango kwa siku kadhaa, watoto wakizoea kutembea. Halafu mama anawahamishia kwenye mti mkubwa. Huku kaskazini anapenda msonobari mweupe mzee, wenye gome la mashikio. Akiguna kwa namna fulani wanapanda wote mbio, na hawashuki mpaka awaite. Hawafundishwi kupanda, lakini kutii sauti ile walikuja nayo toka pangoni.

#14 Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia toka mwanzo, kazi nzuri binti yangu. Ila nina shaka na hiyo kamera. Kumwingilia mzazi chumbani kwake, hata awe mnyama, ni sawa?

#15 Nesi wa Kaskazini

Mwalimu, shikamoo. Shaka yako ni ya haki, na hata huku watu walibishana sana.

Kwa Lily nilikubali, kwa sababu alikuwa amewazoea wale watafiti miaka kadhaa na kamera haikumgusa. Lakini kwa dubu wa kawaida, mtu asilikaribie pango Januari wala Februari. Dubu jike akishtuliwa wakati huo anaweza kukimbia, na baadhi hawarudi. Mtoto wa gramu 300 aliyeachwa kwenye baridi ile hana muda. Wakata miti, watu wa pikipiki za theluji, mbwa walioachiwa bila kamba, wote hawa wanaua bila kujua wameua.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inachunguza dubu mapangoni tangu 1981, na kutembelea mapango yenye watoto wanangoja Machi. Mama anachomwa sindano ya usingizi, anabadilishiwa kola, anapimwa. Watoto wanapimwa, halafu wanaingizwa ndani ya koti la mtu, kifuani, zipu inafungwa, kichwa kimoja kinachungulia chini ya kidevu. Wakishapata joto kelele zinakoma. Kisha mama anarudishwa pangoni, anakunjwa vile vile alivyokutwa, watoto wanawekwa kifuani kwake, na mlango unazibwa kwa matawi na theluji. Nikiona hizo picha naona watu wanaoelewa kwamba mtoto wa umri ule hapaswi kukaa dakika bila mwili wa mtu.

#16 Mama Kibibi

Na yatima je? Mama akifa wakati wa baridi?

#17 Nesi wa Kaskazini

Mama Kibibi, hapa ndipo nilipowapenda hawa wanyama kabisa.

Mama mwenye watoto pangoni anapokea mtoto wa mwingine. Maofisa wa wanyamapori wa majimbo kama Pennsylvania na Virginia wanalitumia hilo. Wana majike wenye kola, wanajua nani ana watoto wachache. Yatima anapelekwa, anawekwa pangoni au mdomoni mwa pango, analia, na yule mama anamvuta ndani. Ananyonyeshwa pamoja na wenziwe. Wakishatoka nje mwezi wa nne mambo yanabadilika, maana mama ameshawashika wake kwa harufu na anaweza kumuua mgeni. Kwa hiyo wanaochelewa wanapakwa Vicks, watoto wote, wa kwake na yatima, hata puani kwa mama ikiwezekana, ili harufu ziwe moja mpaka wazoeane.

Na kifungo hicho kinamshika mama vile vile. Louisiana, kati ya 2001 na 2009, walitaka kuwarudisha dubu kwenye eneo walikokuwa wametoweka. Dubu mkubwa ukimhamisha anarudi kwao, hata kwa mamia ya kilomita. Wakawahamisha majike wakati wa baridi pamoja na watoto wachanga, wakawaweka kwenye mapango mapya. Watoto hawawezi kutembea, mama hawezi kuwaacha. Mpaka wanaweza kutembea, ameshapazoea. Dubu wakashika makazi huko.

#18 Kijana wa Lubumbashi

Na sisi Afrika tumewahi kuwa nao?

#19 Nesi wa Kaskazini

Ndiyo, Afrika Kaskazini, milima ya Atlas. Walikuwa dubu wa kahawia na walitoweka karne ya 19. Leo bara letu halina dubu wa porini.

#20 Mwalimu Mstaafu

Swali langu la mwisho. Wanaachana lini, na wangapi wanapona?

#21 Nesi wa Kaskazini

Mwalimu, wanakaa naye mwaka mzima na nusu. Baridi ya pili wanaingia pango moja, sasa ni wakubwa, wanabanana. Mei au Juni inayofuata mama anawafukuza, msimu wa kupandana umefika. Mabinti mara nyingi wanabaki jirani na eneo la mama. Vijana wa kiume wanakwenda mbali.

Lily alitoka nje ya utaratibu huo. Alitengana na Hope majira ya joto ya 2010, akapandwa, kisha wakarudiana. Januari 2011 akazaa watoto wawili huku Hope, mwenye mwaka mmoja, yuko naye pangoni humo humo. Watu walimwona Hope akiwa na wadogo zake wachanga. Septemba mwaka ule Hope aliuawa na mwindaji. Walioanza kumsikiliza toka mlio wa kwanza walilia, na siwalaumu.

Wangapi wanapona inategemea chakula na mama mwenyewe. Nikupe mmoja: dubu namba 56 wa Minnesota. Alivishwa kola Julai 1981 akiwa na miaka 7 na watoto watatu wa kike. Kufikia 1995 alikuwa amezaa mara nane, jumla watoto 22, na 21 kati yao aliwalea mpaka wakafika mwaka na nusu. Mwaka 1997 alipoteza wawili kati ya watatu. Uzao wake wa mwisho, watoto watatu, ulikuwa 1999 akiwa na miaka 25, na wote aliwakuza. Alikutwa amekufa msituni 2013 kwa uzee, ana miaka 39 na nusu. Kwa dubu wa porini hakuna mwingine anayejulikana kufikia umri huo.

Dubu wa barafu na panda nitawafungulia uzi wao. Panda anazaa mtoto wa gramu 100, kwa hiyo mjiandae.